Koti la Shemeji

Mimi sikusoma. Nilikaa darasani majira mawili ya mvua, ya tatu ikanyesha mbali, ngamia wakahama, nami nikahama nao. Shule yangu yote ni hiyo. Lakini nilifika Garissa juu ya lori la mbuzi, bila ndugu na bila kiatu cha pili, nikajijenga mpaka nikawa dalali ambaye mnunuzi wa Nairobi hagusi mkia wa ng'ombe kabla ya kuuliza niko wapi. Nyumba yangu ya Madogo, ng'ambo ya mto Tana, ni ya mabati, na mabati hayo sikupewa na mtu. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyekalishwa mchangani kando ya daraja, asubuhi, watu wakipita, na askari ambaye ningeweza kumzaa.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya ile mvua kubwa iliyokata barabara. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na anasoma Garissa mjini. Madogo kulikuwa na shule, lakini mimi ni mtu wa kujionyesha. Nilitaka ile ya mjini, yenye vioo madirishani na kengele ya chuma. Kwenda ni kufuata barabara kuu, kupita kizuizi cha polisi, kuvuka daraja, kisha kupanda mjini. Kila siku binti wa kaka yangu, msichana mkubwa, alimpeleka na kumrudisha. Kisha huyo akaolewa, akapelekwa Banissa, na binti yangu akabaki bila mtu wa kumsindikiza.

Mke wangu alikuwa amejifungua, yumo ndani ya siku arobaini, hatoki. Mama yangu tuliishi naye, lakini magoti yake yalikuwa yamekataa safari. Mimi soko la mifugo linaniita kabla ya jua. Ningempeleka mtoto saa hiyo angemkuta mlinzi wa shule bado amejifunika blanketi. Kwa hiyo mtoto alikaa nyumbani wiki nzima. Siku ya sita mwalimu akatuma neno: akikosa wiki nyingine, dawati lake atapewa mwingine, maana wanaolitaka ni wengi.

Binti yangu akaja nilipokuwa nakunywa chai.

"Aabo, nitaenda peke yangu."

"Wewe bado."

"Nitakuwa tayari lini?"

Swali hilo nililipenda, kwa sababu nilikuwa nalo jibu tangu zamani, na kila aliyewahi kunywa chai nami Garissa alikuwa amelisikia. Mimi nilitoka peke yangu nikiwa na miaka saba, nje ya Elwak, na mbuzi arobaini, na fisi wa kweli. Jioni nikarudi na mbuzi arobaini. Hapo ndipo mtu anapokuwa tayari: anapotoka peke yake na kurudi na kila kitu alichotoka nacho. Nilimweleza habari hiyo tena, yote, na fisi nikawaongeza kidogo.

"Mimi sina mbuzi," alisema. "Nina begi."

Nikaona nimpe mtihani. Wa kwanza ulikuwa wa mababu. Kwetu mtoto akipotea haulizwi anakaa wapi. Anaulizwa yeye ni nani, na jibu ni majina ya baba, babu, baba wa babu, mpaka msikilizaji apate mahali pa kumshika. Alianza kusema bila kupumua. Alipofika babu wa kumi na nane mimi nilikuwa nimeshaishiwa, lakini yeye aliendelea mpaka ishirini na wawili. Nilitikisa kichwa kama mtu anayesahihisha.

Wa pili ulikuwa wa mbuzi. Nilimgeuza uso akaelekea ukutani, nikamwondoa mmoja katika mbuzi wetu, kisha nikamwambia atazame aseme nani hayupo.

"Yule aliyechanika sikio. Umemfunga nyuma ya tangi, aabo. Namsikia analia."

Wa tatu ulikuwa wa nyayo, na huo nilijua utamshinda. Nilizunguka nyuma ya boma, nikarudi, nikamwambia asome mchanga. Akaenda polepole, kichwa chini.

"Hapa ulisimama. Hapa uliinua kikoi. Hapa mwiba ulikuchoma mguu wa kushoto, ukatukana."

"Nilitukana? Umejuaje?"

"Hapa uligeuka kuangalia kama ayeeyo amesikia."

Bibi yake, yaani mama yangu, alikuwa amekaa mlangoni. "Nilisikia," alisema.

Sasa mtu mwenye haki angemaliza maneno hapo. Mimi nikasema hiyo ni mitihani ya porini, na mjini ni kitu kingine.

"Kwa nini basi ulimpa ya porini?" mama yangu akauliza.

Nikaenda kumfungua mbuzi nyuma ya tangi. Jibu lilikuwa kwamba nilimpa nikidhani ataanguka. Kusema kweli niliogopa. Niliogopa malori yanayoshuka darajani kama yanafukuzwa, niliogopa mto, niliogopa wanaume nisiowajua na baadhi ya ninaowajua. Lakini mtu aliyezungumza habari za fisi wa Elwak kwa miaka ishirini hawezi kusema mbele ya mama yake kwamba anaogopa barabara ya lami.

Nikatoa masharti. Jumatatu ataenda peke yake, mara moja, tuone. Asisimame njiani. Asizungumze na mwanamume yeyote, hata akisema ametumwa na mimi, hata akisema yeye ndiye mimi. Na awe amekaa kwenye dawati kabla ya kengele. Akivunja moja tu, atabaki nyumbani mpaka apatikane mtu wa kumsindikiza, na huyo atapatikana lini Mungu ndiye ajuaye.

Alinisikiliza akinitazama usoni, jinsi ninavyotazama meno ya ng'ombe wa mtu.

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Sokoni. Toka alfajiri."

"Toka alfajiri," alirudia, kama anayefunga fundo.

Alfajiri ya Jumatatu sikwenda sokoni. Nilijificha nyuma ya nyumba nikisubiri atoke, maana nilikuwa nimeshaamua kumfuata. Tatizo lilikuwa koti langu. Koti lile la kijivu Madogo nzima ililijua. Mbwa wa jirani alilijua. Lakini usiku huo tulikuwa na mgeni, mdogo wake mke wangu, kijana wa Kotile, aliyekuwa bado amelala kwenye mkeka wa sebuleni. Koti lake jeusi lilining'inia msumarini. Nikalivaa, nikaacha langu pale pale. Halafu nikachukua shuka, nikajifunga kichwa na ndevu, kwa sababu ndevu zangu nilikuwa nimezipaka hina wiki ile na zilionekana toka upande wa pili wa mto.

Nilijiona hodari. Nimewahi kumfuata ngamia aliyepotea siku nne, nikampata. Nitashindwaje na mtoto mwenye begi? Yeye alitembea kando ya barabara, hatua zake zile zile, hageuki. Mimi nyuma, kichaka mpaka kichaka. Lori likipita, nainama. Mtu akipita, najifanya nafunga kiatu, na viatu vyangu vilikuwa akala za tairi, zisizo na kamba.

Kisha barabara ikakunja penye miti mingi ya miswaki, akaingia kwenye kona. Nilipofika pale, hakuwepo.

Mbele barabara tupu. Kulia vichaka, kushoto vichaka. Nilisahau habari za nyayo. Mtu aliyemfuata ngamia siku nne hakutazama chini hata mara moja. Niliinua kikoi nikakimbia kuelekea darajani, nikifikiri lori, nikifikiri mto, nikisoma dua nusu nusu. Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye kizuizi: nahema, nimefunika uso, na macho yamenitoka.

"Wewe! Simama hapo. Unakimbia wapi?"

Alikuwa askari kijana mgeni, bado anaungua jua la kwetu.

"Natafuta msichana," nilisema. "Msichana wa shule. Amepita hapa?"

Sasa naelewa jinsi maneno hayo yalivyosikika kutoka ndani ya shuka. Wakati ule sikuelewa.

"Unatafuta msichana wa shule wa nini? Toa hiyo nguo usoni. Toa kipande."

Mtu wa kwetu siku zile alitembea na karatasi mbili: kitambulisho, tulichokiita kipande, na ile kadi ya pinki tuliyopewa sisi Wasomali peke yetu, ya kuonyesha kwamba sisi ni wa Kenya kweli. Bila hizo mbili huvuki mto. Zangu zilikaa mfuko wa ndani wa koti na hazikuwahi kutoka humo. Nikaingiza mkono mfuko wa ndani, nikazipata, nikampa kwa madaha, huku nikizidi kutazama barabara.

Askari alitazama picha. Akanitazama mimi. Akatazama picha tena.

"Mzee, una miaka ishirini na sita?"

Hapo ndipo nilipokumbuka nimevaa koti la nani.

"Hiyo si yangu," nilisema.

"Si yako. Umeitoa mfukoni mwako."

"Mfuko pia si wangu."

"Ulizaliwa wapi?"

"Elwak."

"Hapa imeandikwa Kotile."

"Koti ndilo lililozaliwa Kotile! Mimi sijawahi hata kulala Kotile!"

"Keti chini, mzee."

"Unajua mimi ni nani? Uliza soko lote..."

"Nimesema keti."

Nikaketi. Kulikuwa na wengine wawili mchangani, vijana waliosahau kadi zao, nao walinisogelea kwa furaha. Nilijaribu kukaa kama mtu aliyeamua mwenyewe kupumzika pale.

Ndipo binti yangu akatokea kwenye kona. Nyuma yangu, si mbele. Anatembea na hatua zile zile, begi mgongoni, buibui limenyooka. Moyo wangu ulirudi mahali pake, wallahi, nikataka kulia. Badala yake nikapiga kelele.

"Njoo! Njoo umwambie huyu mimi ni nani!"

Hakupunguza mwendo.

Askari akageuka. "Wewe msichana, unamjua huyu mzee?"

Alijibu akitazama mbele, kama anayesomea darasa. "Baba yangu alisema atakuwa sokoni toka alfajiri. Na baba yangu hasemi uongo."

"Ni mimi!" nilisema. "Aabo wako!"

"Baba yangu alisema mwanamume akisema yeye ndiye baba yangu, nisisimame."

Wale vijana wawili wakalala chini kwa kicheko. Askari akanitazama, sasa uso wake umekuwa mgumu kabisa: mzee amefunika uso, anamfuata mtoto wa shule, kipande cha mtu mwingine, na mtoto amempita kama jiwe. Nami nilikuwa na hasira kwamba amemwacha baba yake mchangani, na chini ya hasira, Mungu wangu, nilikuwa na fahari kiasi kwamba ningeweza kumshika askari mkono.

Mwanzo wa daraja akapishana na kina mama wa maziwa. Wao huvuka mapema sana, wanashusha maziwa ya ngamia mjini, na saa hizo wanarudi Madogo na madumu matupu. Niliona midomo yake ikitikisika. Hakusimama, alisema neno akipita, nao wakageuka wote pamoja kunitazama, madumu yakagongana. Kisha yeye akapanda darajani, akawa mdogo, akapotea upande wa mjini.

Kina mama wale walipita mbele yangu mmoja mmoja. Wote walinijua.

"Shemeji, koti limekubana," mmoja alisema.

"Ni la kijana," mwenzake akasema. "Siku ya arobaini haijafika na ameshaanza kujipamba."

Nikatazama mto.

Jua lilipanda. Wanunuzi waliokuwa wakinisubiri sokoni walikuwa wanasubiri. Baada ya muda nikasikia kengele ya punda, na mkokoteni wa maji ukaja, umebeba mapipa matupu na, juu ya mapipa, mama yangu. Mapajani alikuwa amekunja koti langu la kijivu.

Kiswahili cha mama yangu kilikuwa kidogo, lakini hakikuhitaji msaada. Aliteremka, akaninyooshea kidole.

"Hii yangu," alimwambia askari. "Mimi nazaa hii."

Akatoa karatasi zangu. Askari akazisoma, akalinganisha ndevu na picha, akalinganisha tena, akaanza kutabasamu licha ya kujizuia. Akanirudishia zangu na za shemeji.

"Mama," alisema, "huyu usimwache tena atoke peke yake."

Mama yangu hakuelewa yote, lakini mwenye mkokoteni alimtafsiria, bila kuombwa. Akacheka mpaka akashika gurudumu. Nami nikapandwa na damu, nikasema kwa lugha yetu, kwa sauti, kila mtu asikie:

"Mimi? Mimi niliyechunga mbuzi arobaini peke yangu nikiwa na miaka saba?"

Mama yangu akajifuta macho.

"Ulichunga wewe?" alisema. "Mwanangu, nilizuia watoto wa mbuzi bomani. Wote, asubuhi ile, nikawafungia. Mama zao maziwa yakiwajaa wangerudi tu, uwepo usiwepo. Wewe ulilala chini ya mti, jua likashuka, wakaondoka, ukaamka ukawakimbilia unalia. Mbuzi ndio waliokuleta nyumbani."

"Na fisi?"

"Fisi gani?"

Miaka ishirini ya chai ikamwagika mchangani pale. Nikavaa koti langu, nikavuka daraja, nikaenda sokoni, na habari ilikuwa imefika kabla yangu. Mnunuzi mmoja wa Nairobi, aliyekuwa hanijui, aliuliza dalali wa Kotile yuko wapi. Siku hiyo sikuuza hata mbuzi mgonjwa.

Mchana nilirudi nyumbani mapema. Nilikaa, nikasimama, nikatoka mpaka barabarani, nikarudi. Mama yangu alikuwa anakuna magoti yake.

"Kaa chini," aliniambia. "Mtoto mchanga yuko ndani. Atarudi."

Na kweli. Binti yangu alipitia mlangoni mbio, akatupa begi, akaenda moja kwa moja chumbani kwa mama yake, kwa yule mtoto mchanga, nikasikia anamwimbia. Mimi alinipita bila kunitazama. Mama yangu alinitazama kwa niaba yake.

Alipotoka alikuja akasimama mbele yangu, mikono nyuma.

"Nilifika wakati wanafagia uwanja," alisema. "Kengele ilikuwa bado."

"Ulijificha miswakini."

"Nilisikia mtu ananifuata. Nikakaa kimya mpaka apite. Halafu nikatazama nyayo zake. Akala, kisigino cha kushoto kimelika." Akatazama miguu yangu, bila haraka. "Nikajua hakuna hatari."

"Ukaniacha pale! Baba yako! Neno moja tu lingenitoa."

"Ningesimama," alisema, "jioni ungesema nilisimama."

Nikafungua mdomo kukataa. Mke wangu alikuwa anasikiliza chumbani, mama yangu mlangoni, shemeji yule wa Kotile yuko uani amevaa koti lake na hathubutu hata kukohoa. Nikaufunga. Kwa sababu ningesema. Wallahi ningesema. Ningekaa pale pale nilipokaa, nikanywa chai, nikamwambia masharti ni masharti, na dawati lingekwenda kwa mwingine.

"Na wale mama wa maziwa?" niliuliza, ili nisishindwe kabisa. "Nilikwambia usizungumze na mtu."

"Ulisema mwanamume."

Mama yangu akasema, "Mwache mtoto ale."

Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Mimi sikuulizwa tena. Nilisema tu "kesho beba maji," ili ionekane ruhusa imetoka kwangu.

Kesho yake niliondoka alfajiri kweli. Lakini mnada haukunikalia kichwani, na jua lilipopanda nikawaambia wenzangu kuna mnunuzi namtafuta upande wa daraja. Hawakuniuliza mnunuzi gani. Nikatembea kutoka upande wa mjini, waziwazi, ndevu nje, nikavuka. Njiani sikukutana na mtoto, na miguu yangu ikaanza kwenda haraka kuliko nilivyoiagiza.

Askari ni yule yule. Aliniona toka mbali.

"Ameshapita zamani, mzee. Alipitia mwanzo wa daraja wewe ukiwa bado umelala."

"Mimi silali. Alikuwa salama?"

"Salama! Nimemsalimia vizuri, kama mtoto wangu. Hata hakugeuka. Hakujibu neno." Alikuwa ameumia kidogo. "Watoto wenu mnawafundisha nini?"

Nilitoa kipande na kadi ya pinki kabla hajaniomba, nikamwonyesha picha, yangu, na ndevu zangu, zangu, nikageuka nikarudi sokoni.